Nimewaambia nyumbani nasoma Uchumi, kumbe sisomi Uchumi

Barua ya safari hii imetoka kwa binti wa Ujiji aliyeko masomoni Uholanzi. Nimeipunguza kidogo, hasa pale alipoomba radhi mara nne kwa urefu wake.

*

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 22, niko mwaka wa pili chuo kikuu Uholanzi. Kidato cha Sita nilisoma HGE, yaani Historia, Jiografia na Uchumi, kule Tabora, nikapata Division One, na ufadhili wa nusu ada ukanileta huku. Nusu nyingine ni ya baba mdogo. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na tangu hapo baba mdogo ndiye baba. Ana mitumbwi ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi. Ili mimi nipande ndege aliuza injini moja ya boti na ekari mbili za michikichi alizoachiwa na babu. Sijawahi kumsikia akizitaja. Afadhali angezitaja.

Ninachosoma kinaitwa sayansi za jamii mtambuka. Mwaka wa kwanza tulipitishwa kwenye sosholojia, siasa, anthropolojia, saikolojia, uchumi kidogo, takwimu, na somo moja la falsafa ambalo mpaka leo sijui lilikuwa linanitaka nini. Sasa hivi tunapewa tatizo moja muhula mzima, mfano makazi ya mjini au uhamiaji, na kila kundi linalichambua kwa taaluma tatu au nne kwa pamoja. Kuna siku natoka darasani nimechangamka, natamani nimpigie mtu simu nimsimulie. Kuna siku najiona kama mtu aliyeonja kila sufuria jikoni halafu akalala na njaa.

Shida yenyewe ilianza kabla sijaondoka. Baba mdogo aliniuliza naenda kusomea nini. Nikaanza kueleza, nikaona uso unakunjamana. Nikasema, "Ni kama Uchumi, baba." Akashusha pumzi. Neno Uchumi alikwishalizoea tangu enzi za HGE. Ile "ni kama" ilidondoka pale pale sebuleni, haikufika hata mlangoni. Julai 2024 niliporudi likizo, kwenye harusi ya binamu yangu akanishika mkono akanipeleka kwa wazee: "Huyu ndiye mchumi wetu." Mzee mmoja akaniuliza kwa nini bei ya mawese inapanda na huku michikichi imezaa. Nilijibu kitu, hata sikumbuki nini. Sasa nasikia kuna mtu wa halmashauri keshaambiwa kuwa mchumi anakaribia kurudi.

Na huku nako si shwari. Alama zao zinaanzia 1 hadi 10, kufaulu ni 5.5, na mimi niliyezoea A naokota 6.5. Insha yangu ya kwanza ilirudi ikiwa na maneno ya mwalimu pembeni, kwa penseli: "Haya wamesema wao. Wewe unasemaje?" Shangazi, mimi tangu darasa la kwanza nimefundishwa kwamba mwenye adabu haanzi na "mimi nasema" mbele ya waliomtangulia. Huku mwalimu anaitwa kwa jina lake la kwanza na kijana wa miaka kumi na tisa anamkatiza. Kwenye kundi letu la watu watano nilinyamaza wiki sita. Wiki ya saba, kwenye tathmini, wenzangu wakaandika kuwa huwa siji nimejiandaa. Nilikuwa nimesoma kila ukurasa, mara mbili.

Ila ikitajwa Afrika, shingo zote zinanigeukia. "Kwenu mnalionaje hili?" Kwetu wapi? Mimi naijua Ujiji, naijua Mwanga, na Tabora naijua shule na stesheni.

Mwezi uliopita nilikaanga dagaa wa bibi, kwa mawese, kwenye jiko tunalotumia watu kumi na wawili. Kengele ya moto ikalia jengo zima. Kesho yake nikakuta karatasi mlangoni mwa friji: tafadhali msipike samaki wenye harufu kali, na chini yake wamechora kauso kanakotabasamu. Zile 6.5 hazijawahi kuniliza. Kale kauso kaliniliza.

Sasa natakiwa nichague mada ya tasnifu ya mwisho. Msimamizi wangu anasema kwa kuwa natoka Kigoma, niandike kuhusu wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu. Sijawahi kufika Nyarugusu. Kasulu yenyewe nimefika mara mbili, zote misibani. Kinachonikaa mimi kichwani ni ile Julai niliyorudi nikakuta Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi, Kibirizi kimya, bibi amekaa na vichanja vyake vya kuanikia dagaa vitupu, kama mtu aliyefiwa. Nilipomwambia msimamizi, akasema hilo ni la wanabaiolojia.

Nifanyeje? Nihamie Uchumi, maana yake nianze upya mwaka wa kwanza, ili uongo wangu ugeuke ukweli? Au nimalize hii isiyo na jina, nirudi nikawe mchumi hewa?

Mjukuu wa Kibirizi

*

Marahaba, mwanangu. Pole na kengele ya moto.

Nianze na huo uongo, maana ndio wenye haraka. Ulipousema sebuleni ulikuwa mdogo sana, ulitaka tu baba yako apumue. Kama ungebaki pale ningekuambia uuache ujifie. Haukubaki. Siku ya harusi baba mdogo aliubeba kwa mkono wake akaupeleka kwa wazee, na kwa hao wazee neno lile sasa ni lake, si lako tena. Likija kufichuka, wewe utaonekana mtoto aliyetatizwa na maneno ya kizungu. Yeye ndiye atakayeonekana ameongopa mbele ya watu anaoswali nao na kuzikana nao. Hapo ndipo penye uzito, na barua yako imepita mbali na hapo. Umehesabu aibu yako tu.

Kwa hiyo ajue yeye kwanza, tena kutoka kinywani mwako. Usipitishe kwa mama, usipitishe kwa bibi, na usimwandikie ujumbe wa simu ambao atausoma katikati ya watu. Halafu habari ya wazee muachie mwenyewe. Ataisahihisha kwa namna yake au hataisahihisha. Huyo mtu wa halmashauri ndiye wa kusahihishwa bila kuchelewa, kwa sababu tangazo la nafasi ya Mchumi linataja shahada ya Uchumi na zinazofanana nayo kwa majina, na anayechuja maombi hana muda wa kusikiliza "ni kama".

Kuhamia Uchumi ili uongo ugeuke ukweli, mwanangu, hiyo ni gharama kubwa mno ya kusafisha sentensi moja. Ukianza mwaka wa kwanza upya, ada inaanza upya, na hakuna injini ya pili ya kuuza. Kibali chako cha kukaa Uholanzi nacho kinafuatiliwa kwa maendeleo ya masomo: shahada ya kwanza ni krediti 180, sitini kwa mwaka, na mwanafunzi wa kutoka nje ya Ulaya akishindwa kufikisha hata nusu ya sitini hiyo, chuo kinawajibika kutoa taarifa kwa uhamiaji. Kabla hujacheza na mambo hayo, kaa na mshauri wa masomo wa chuo chenu akuoneshe kwa karatasi ni masomo gani yangehesabiwa na yapi yangepotea. Ungeniambia kwamba zile hesabu za uchumi zinakukosesha usingizi kwa utamu, ningesema hama hata kesho. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu. Uchumi umeutaja kama gauni la kuazima la kwenda nalo harusini. Kilichokukosesha usingizi ni vichanja vya bibi.

Nikupe habari ya mama mmoja wa Kimarekani, Elinor Ostrom. Alitaka kusoma uzamivu wa uchumi, akakatishwa tamaa kwa kuwa hakuwa na hesabu za kutosha. Akaenda kwenye sayansi ya siasa, akaupata uzamivu wake mwaka 1965. Maisha yake yote akauliza jambo moja: mali inayotumiwa na wengi, kama maji ya chini ya ardhi, msitu, malisho au samaki, inakuwaje mahali pengine watumiaji wenyewe wanaweza kuilinda bila kugawana viwanja na bila serikali kuwasimamia na fimbo? Hakukaa ofisini. Alikwenda kwa watu, akahesabu, akasoma mikataba yao ya maji, akasikiliza wanavyotozana faini. Mwaka 2009 wakampa tuzo ya Nobel. Ya uchumi. Akawa mwanamke wa kwanza kuipata. Simleti hapa ili ujifananishe naye, nisikuvimbishe kichwa. Namleta kwa sababu swali lake ni swali la Kibirizi, na hakuna taaluma moja iliyomtosha kulijibu.

Na wala usidhani ni mtindo wa Wazungu wa jana. Muulize yeyote aliyesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuhusu DS. Mhandisi, mwanasheria, mwalimu, wote wanapitishwa kwenye somo la maendeleo, wapende wasipende. Wengi hawapendi, mimi nikiwa mmojawapo enzi hizo, lakini mantiki yake ilikuwa kwamba usimpeleke mtu kuchimba kisima kijijini wakati hajui kijiji kinaendeshwaje.

Tuje kwenye ziwa, maana hapa naona msimamizi wako amekupiga chenga.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kutokana na makubaliano na wenzetu wa Kongo, Burundi na Zambia. Sababu ni kwamba samaki wamepungua na wapewe nafasi ya kuzaa. Haya, kupungua kumetokana na nini? Wapo wanaosema nyavu ni nyingi na nyingine ni haramu. Wapo waliopima maji, na mwaka 2003 wakachapisha kwamba ziwa limepata joto: maji ya juu yakipata joto yanaelea juu ya yale ya baridi kama mafuta, upepo unashindwa kuyachanganya, na ile mbolea iliyolala chini haipandi kulisha vijimea vya majini, dagaa wakakosa chakula. Kina chenyewe kinafika mita 1,470, hivyo huko chini kumelala mengi. Sasa tazama: ukimwamini wa kwanza, mwenye kosa ni baba mdogo. Ukimwamini wa pili, mwenye kosa yuko mbali sana na Kibirizi, labda hata hapo kwenye kituo chako cha basi. Sheria ile ile moja, lawama mbili tofauti. Nani alichagua ipi, na kwa nini? Hilo mwanabaiolojia hatakujibu, ni la siasa.

Halafu kuna mwezi. Wewe mtoto wa Kibirizi hili huhitaji kusomewa. Taa zinaita dagaa usiku wa giza tu. Mbalamwezi ikikomaa, dagaa hawaifuati taa, vyombo vinapandishwa, watu wanashona nyavu wanalala na wake zao. Kila mwezi, tangu zama za karabai hadi hizi taa za sola, ziwa lilikuwa na mapumziko yake ambayo hayakutangazwa na waziri. Je, wavuvi walilionaje lile katazo la miezi mitatu wakililinganisha na mapumziko waliyoyazoea? Waliliona refu, au waliliona geni? Hilo ni swali la anthropolojia, na kulisikia jibu lake kunahitaji mtu anayejua wanavyotaniana mwaloni.

Na kuna bibi yako. Mwenye mtumbwi anaonekana, ana leseni, chombo chake kina namba. Anayeanika hana namba. Mwanabaiolojia atakuambia dagaa wanazaa lini. Hatakuambia bibi alikula nini mwezi wa Juni.

Nikusimulie. Kabla sijastaafu nilikuwa afisa maendeleo ya jamii mkoani hapa. Ukaja mradi mmoja wa vichanja, jina naliacha. Mhandisi wake alikuwa hodari kwelikweli. Nyavu za waya, kimo cha kiuno, upepo unapita juu na chini, dagaa anakauka bila mchanga na bei yake inapanda. Yote aliyosema yalikuwa kweli, alituonesha na kwa saa. Miezi minne baadaye nikapita nikakuta kuku wamelala juu ya vichanja na wanawake wamerudi kuanika mchangani. Nikamuuliza mama mmoja, akaniangalia kama mjinga. "Vichanja viko kule juu. Saa sita nakwenda kuwapikia watoto. Nani ananilindia?" Mchangani walikuwa wanaanika ubavu kwa ubavu na mmoja anabaki, kwa zamu, tena zamu ya uhakika, ukikosa unalipa. Mhandisi hakuiona ile zamu kwa sababu haikuwa kifaa. Wala mimi sikuiona, na nilikuwa nalipwa mshahara ili niione. Ingetosha mtu mmoja wa aina yako akae pale siku mbili.

Kwa hiyo rudi kwa msimamizi na kurasa mbili, usirudi na malalamiko. Kurasa mbili zenye swali moja tu, mfano: miezi ile mitatu, wanawake waanikaji wa mwalo mmoja waliishije, na nani aliwahesabu kabla ya uamuzi? Mweleze utahesabu nini na utamuuliza nani. Kama bado anasita, muombe msimamizi wa pili kutoka kwa watu wa anthropolojia au jiografia. Shahada yako imejengwa kwa ajili ya ndoa kama hizo. Anza mapema habari za vibali, kwani utafiti wa chuo cha nje unapita COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na ukienda mwaloni bila barua, viongozi wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi, wale wa BMU, watakupokea vizuri sana na hawatakuambia kitu. Jambo moja usilifiche kwenye tasnifu: kwamba anayekulipia ada ana mitumbwi pale pale, na bibi yako ni mwanikaji. Liandike ukurasa wa mwanzo kabisa. Na bibi usimhoji wewe.

Nyarugusu ni habari kubwa, ipo tangu 1996, na anayetaka kuiandika aiandike kwa sababu imemkaa rohoni. Kuingia kambini kunataka kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, hilo nalo si la wiki moja. Lakini kumpa mtu mada kwa kuangalia pasipoti yake ni uvivu. Ungependa wakimbizi, mbona hata Ujiji kwenyewe kuna cha kuandika, mji uliojaa Wamanyema ambao babu zao walivuka ziwa hilo hilo. Ila hukusema unapenda.

Hapa sasa nikuguse na wewe, usidhani nitakubembeleza tu. Ile picha yako ya sufuria ni ya kweli. Nimekaa kwenye usaili na vijana wa shahada za mseto, wanajua jina la kila kitu. Ukimpa jedwali la takwimu za kaya hawezi kukuambia safu ipi ni ipi. Wewe usiwe huyo. Chagua vitu viwili uvijue mpaka uote: takwimu, zile za kwenye kompyuta zinazokuchosha, na namna ya kumhoji mtu ukamnukuu bila kumpaka maneno yako. Na masomo ya kuchagua yaliyobaki yapange upande mmoja, tuseme sosholojia, ili anayesoma cheti chako aione imejirudia. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa maafisa maendeleo ya jamii yanataja fani kwa majina, na sosholojia imo. "Mtambuka" sijaliona. Kabla hujaondoka huko chukua maelezo rasmi ya kila somo ulilosoma, kwa Kiingereza, yenye mhuri, maana TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ndio watakaoitambua shahada yako na wataitambua kwa karatasi, si kwa shauku yako. Kuna binti namfahamu alihangaika mwaka mzima kuomba barua kutoka kwa idara iliyokuwa imeshabadilishwa jina.

Hizo 6.5 ziache. Unazitafsiri kwa Kitanzania na tafsiri yenyewe ni mbovu. Huko 8 watu wanasherehekea, 10 mtu anaweza kumaliza chuo bila kuiona. Kinachokuangusha ni kile cha penseli. "Wewe unasemaje?" Unasema adabu yetu hairuhusu. Adabu ipi hiyo? Umewahi kukaa barazani Ujiji baada ya alasiri? Mzee akishasema, wa pili yake hasemi "umekosea". Anasema "ni kweli mzee, ila kuna siku mimi niliona..." halafu anambomoa mzee wa watu mpaka msingi, na wote wanaagiza kahawa nyingine. Hiyo ndiyo hoja wanayokudai. Andika hivyo hivyo: fulani anasema hivi, ni kweli, ila Kibirizi nimeona vile, kwa hiyo nadhani. Na kwenye kundi, jambo la kwanza ulilokusudia kusema liandike kwenye daftari nyumbani, ulitoe ndani ya dakika kumi za mwanzo kabla woga haujakaa kitako. Baadaye unaweza kunyamaza utakavyo, wataita ni busara.

Wakikugeukia kuhusu Afrika, jibu fupi tu: "Afrika siijui, naweza kuwaeleza Kibirizi." Wataona aibu kidogo, halafu watasikiliza kweli.

Dagaa nao. Mwanangu, kengele haikulizwa na harufu, moshi ndio ulioiliza. Uliyaacha mawese yakafuka. Moto mdogo, dagaa watolewe vichwa, waoshwe kwa maji ya moto, wakamuliwe ndimu, na kikaango kifunikwe. Uliyechorewa kauso ndiye wewe, sawa, lakini aliyekachora huenda hakujua mlango wako unabishwaje, kama wewe ulivyokuwa hujui kundi lako linaingiliwa wapi kwa wiki sita. Safari ijayo pika na wali, uweke sahani ya ziada mezani, uone nani anakaa. Asipokaa mtu, unakula wewe, hasara iko wapi?

Basi, simu ya baba mdogo. Usianze na neno Uchumi wala na jina la shahada. Anza hivi: "Baba, kuna jambo nilikuambia nusu." Nyamaza kidogo. Halafu mwambie unachosoma ni kwa nini ziwa linafungwa, nani anaamua, na nani anabaki na vichanja vitupu, na kwamba mchumi mmoja, mwanasheria mmoja na mtu wa samaki mmoja hawakutosha. Atakuwa na mengi ya kusema kuliko msimamizi wako, na mengine yatakuwa matusi kwa watu wa doria. Sikiliza yote, uandike. Akikuuliza utaitwa nani ukimaliza, mwambie hujajua bado. Ile injini itaje wewe, kwa kuwa yeye hatoitaja.

Tazama kalenda kabla hujapiga. Usiku wa giza atakuwa majini. Subiri mbalamwezi ikomae, vyombo vimepandishwa, upige baada ya isha akishakula. Kwako itakuwa bado jioni. Na hakikisha bibi hayuko karibu na simu. Akisikia tu neno vichanja, atamnyang'anya.